Pazia la Unguja: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Usitie mguu Darajani wala Mchangani kutafuta pazia kama huna karatasi ya vipimo mkononi. Mwenye duka atakukunjulia gora la kwanza, la pili, la tatu, atakwambia hili ndilo linalokwenda sasa, kisha atakuuliza: "Dirisha lako kubwa au dogo?" Ukijibu "la kiasi tu", umekwisha. Utafika nyumbani na kitambaa kilichopungua shubiri nzima, na kesho ukirudi utaambiwa gora lile limemalizika.

Pima mwenyewe, tena kwa futi ya chuma, ile ya seremala. Futi kamba ya fundi cherehani imewekewa kiuno na mabega. Ukiivuta kwenye dirisha refu hulegea katikati ikakudanganya.

Pima upana mara tatu: juu, katikati, chini. Urefu nao mara tatu: kushoto, katikati, kulia. Kwa mkaazi wa Mji Mkongwe hili halina mjadala. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zimekaa miaka mingi, zimetitia huku na kuvimba kule. Utakuta sakafu imeshuka upande mmoja na dari imelala upande wa pili. Pazia likishonwa kwa kipimo kimoja tu, kona moja itaburura chini na nyingine itaning'inia hewani, halafu lawama zote apewe fundi.

Amua mapema bomba la kutundikia pazia litakaa wapi: ndani ya shimo la dirisha au nje yake, ukutani. Kuta za Mji Mkongwe zina unene wa kama nusu mita, kwa hiyo hizo ni sehemu mbili tofauti kabisa na vipimo vyake havilingani. Kama milango ya dirisha inafungukia ndani, usijadili, weka nje. Ukiweka ndani, kila asubuhi utapigana na pazia kabla hujapata hewa. Na ukiweka nje, bomba lizidi dirisha kwa sentimita 15 hadi 20 kila upande, ili pazia likivutwa likae ukutani, lisizibe upepo.

Usimwachie fundi apige drili popote anapopenda. Chokaa ya zamani humwagika kama unga, na skrubu iliyoshika chokaa peke yake haitamaliza masika. Atafute jiwe gumu, au afunge ubao mrefu ukutani na vishikio vikae juu ya ubao. Nyumba ya matofali Fuoni au ya zege Michenzani haina taabu hii. Huko toboa tu, ila bado upime.

Usiondoe dirisha la mbao ukatia la alminiamu la kusukuma kwa ajili ya kulifurahisha pazia. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kuna Mamlaka maalumu ya kuuhifadhi. Mabadiliko ya jengo yanataka kibali. Pazia ndilo linalofuata dirisha.

Usinunue bomba la chuma lililopakwa rangi ya dhahabu ukaaye karibu na bahari. Hewa ya chumvi italila, na kutu itaandika mstari kwenye kitambaa.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi wanapoona uvivu. Chukua urefu wa bomba, zidisha kwa mbili. Bomba la mita 2 linataka kitambaa cha mita 4 kwa upana ili marinda yakae. Pungufu ya hapo umetundika shuka. Kitambaa chenye upana wa mita 2.8 hulazwa ubavu, hivyo utanunua mita 4 na kidogo cha pindo, mradi urefu wa pazia pamoja na pindo zake hauzidi 2.8. Kitambaa cha mita 1.5 kinataka vipande vitatu. Kama pazia ni la mita 2.6, ongeza sentimita 30 za pindo za juu na chini, kila kipande kiwe mita 2.9, jumla mita 8.7. Kikiwa na maua makubwa, ongeza tena, kwa sababu ua lazima likutane na ua mwenzake. Pazia la ringi liwe na ringi za idadi shufwa kila kipande, la sivyo ncha moja itageukia ukutani na nyingine itachungulia chumbani.

Uliza bei ni ya mita au ya yadi. Yadi ni sentimita 91 na kitu. Ukinunua yadi 10 ukidhani ni mita 10, umekosa sentimita 86, na hiyo ni pindo yako yote. Mwandikie fundi sentimita, na neno sentimita uliandike. Futi yake ina pande mbili, sentimita na inchi.

Pamba iloweke na uianike kabla haijakatwa. Hurudi. Pazia refu likirudi vidole vitatu baada ya kufuliwa mara ya kwanza, hakuna dawa.

Usichague rangi chini ya taa ya duka. Omba kipande, kipeleke nyumbani, kitazame saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Unguja iko kama digrii 6 kusini mwa ikweta: mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, Disemba hupita kusini, na madirisha ya mashariki na magharibi huchomwa mwaka mzima. Ghorofani Shangani, penye kutazama bahari ya magharibi, tia bitana, na uiache rangi nyekundu kali maana itapauka. Chini kwenye kichochoro ambako jua halifiki, fanya kinyume chake: kitambaa chepesi, cha rangi ya mwanga, kinachokauka upesi. Velveti nzito mahali pale ni kualika ukungu.

Shia, kile kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, peke yake si pazia. Mchana inakusitiri kwa kuwa nje kuna mwanga kuliko ndani. Ukiwasha taa baada ya Magharibi mambo yanageuka, na wapita njia wote wanakuona unavyokula. Itundike, washa taa, toka nje ukajitazame mwenyewe.

La mlango ndilo pazia kubwa la Unguja, na ndilo linaloshonwa kwa mabaki. Mlango huachwa wazi upepo upite, pazia ndilo linalobaki kusimama baina ya watu wako na njia. Mgeni hupiga hodi mbele yake na kungoja karibu. Basi lisiwe la kuonya. Pindo la chini liwe pana na zito, kusi ikivuma lisipande hadi magotini. Liishie vidole viwili juu ya sakafu, maana likigusa chini litanyonya maji siku ya kupiga deki. Ukingo wake, pale panaposhikwa na mikono ya watoto yenye samli, uwe wa rangi inayostahimili na kitambaa kinachofulika ndooni. Na usitundike kanga mlango wa mbele. Jina lake litasomwa na mtaa mzima, na jirani mmoja ataamini umemkusudia yeye.

Chetezo kisikae chini ya pazia. Kufukiza pazia kwa udi ni uzuri, lakini lishike kwa mkono, lifukize, kisha ondoa chetezo. Cheche moja inatosha kutoboa. Pazia lililo karibu na pangaboi nalo lifungwe kwa kamba yake kabla hujawasha, kama panga linalifikia.

La mwisho ni la kalenda. Usimpelekee fundi kitambaa cha pazia katika kumi la mwisho la Ramadhani. Atakipokea, atakwambia inshallah, na kitalala chini ya kanzu na magauni ya Idi mpaka Shawwal. Mpelekee Shaabani, pamoja na vipimo vyako, na nakala ubaki nayo.