LAITI ASINGALIKUJA: Somo la -ki-, -nge- na -ngali- kutoka Mji wa Sunnydale

Ikiwa kuna jambo linalotutoa jasho katika Karatasi ya Pili, basi ni hizi hali za masharti. Mwalimu anaeleza, darasa zima tunaitikia "ndiyo mwalimu", halafu siku ya mtihani mtu anaandika: "Angalikuja ningempa." Ebo! Mguu mmoja mtumbwini, mwingine nchi kavu. Madhumuni ya makala haya ni kuzieleza hali hizo kwa njia tuliyoitumia chamani muhula uliopita: kwa kujadili kipindi kimoja cha tamthilia ya runinga.

Tamthilia yenyewe inaitwa Buffy the Vampire Slayer, na ilioneshwa Marekani kuanzia 1997 hadi 2003, vipindi 144 kwa jumla. Mwanzilishi wake ni Joss Whedon. Inamhusu Buffy Summers, msichana wa shule ya sekondari aliyeteuliwa kupambana na vampaya, yaani wafu wanaotembea usiku na kunyonya damu. Mji wake, Sunnydale, ni wa kubuniwa, nao umewekwa katika jimbo la California. Kipindi tulichokijadili kinaitwa "The Wish". Kiliandikwa na Marti Noxon na kuoneshwa mara ya kwanza tarehe 8 Desemba 1998.

Mkasa kwa Ufupi

Cordelia Chase, msichana wa kutajika pale shuleni, amemfumania mpenzi wake Xander akimbusu Willow. Moyo umevunjika, na isitoshe wenzake wanamcheka. Anajitokeza mwanafunzi mgeni aitwaye Anya, mpole kama njiwa. Anampa kidani avae, kisha anamchokonoa kwa maneno. Kumbe si mwanafunzi! Ni Anyanka, jini wa kisasi anayetimiza matakwa ya wanawake waliotendwa. Cordelia anatoa uchungu wake wote kwa neno moja: laiti Buffy asingalikuja Sunnydale! Jini anamkubalia papo hapo.

Lo! Mji unageuka. Wanafunzi hawavai nguo za rangi kali kwa sababu zinawavuta vampaya. Jua likitua, kila mtu mbio nyumbani. Mkuu wa vampaya, ambaye Buffy alikuwa amekwisha kumwua, yu hai na ndiye mtawala. Xander na Willow wamekuwa vampaya, na ni wao wawili wanaomwua Cordelia kabla kipindi hakijafika mwisho. Buffy naye anaishi Cleveland. Anapofika hatimaye, ni mtu mwingine: ana kovu usoni, hacheki, hana rafiki. Mkuu wa vampaya amebuni mtambo wa kukamua damu ya watu kama vile kiwandani. Vita vinapiganwa, Buffy anavunjwa shingo. Wakati uo huo Giles, mkutubi wa shule, anakivunja kidani cha Anyanka, na ule ulimwengu wa kwanza unarudi.

Tofauti za Viambishi

Sasa tushike kalamu. Kiambishi -ki- huonesha sharti lililo wazi, ambalo likitimizwa jambo litafuata: "Giles akikivunja kidani, mji utaokoka." Kitenzi cha silabi moja hupoteza ku-: akija, akila, akifa. Ukikanusha tumia -sipo-, na hapo ku- hurudi: asipokuja, asipokula.

Kiambishi -nge- huonesha jambo ambalo sasa halipo, lakini mlango haujafungwa kabisa: "Giles angejua alipo Anyanka, angemwendea." Hajui kwa sasa, ila anaweza kujua kesho.

Kiambishi -ngali- huonesha jambo ambalo wakati wake umepita na haliwezekani tena: "Buffy asingalikuja Sunnydale, vampaya wangalitawala." Lakini alikuja. Mlango umefungwa na ufunguo umetupwa baharini. Ndugu yake ni -ngeli-, nao hufanya kazi moja: angalikuja, angelikuja.

Mambo matatu ya kukumbuka. Kwanza, pande mbili za sentensi zifanane: -nge- kwa -nge-, -ngali- kwa -ngali-. Pili, si lazima kutanguliza "kama", kwa kuwa kiambishi chenyewe kimekwisha kubeba maana hiyo. Tatu, -nge- na -ngali- hazipotezi ku-: angekuja, angalikuja. Najua huko mitaani wengi wetu tunatumia -nge- kwa yote, na tunaelewana vizuri tu. Lakini anayejua tofauti hii ana vyumba viwili vya kuweka mawazo yake, na asiyeijua ana kimoja.

Hebu basi tazama alichofanya Anyanka kwa macho ya sarufi. Cordelia alisema "asingalikuja". Jini alikichukua kile -ngali- akakifanya kuwa kweli: Buffy hakuja. Nguvu zake zote ndizo hizo, kugeuza jambo la kudhania kuwa tukio. Na kwa Giles wa mji ule wa giza, mambo yamepinduka. Kwake yeye ulimwengu wetu ndio wa -ngali-: "Buffy angalikuja mapema, tungalisalimika."

Mjadala Wetu

Baada ya somo hilo tuligawanyika makundi, na hapo ndipo joto lilipopanda.

Swali la kwanza: Je, Giles alikuwa na haki ya kukivunja kidani? Hakuwahi kuuona huo ulimwengu mwingine. Alichokuwa nacho ni neno la msichana aliyekufa na maelezo ya vitabu vyake. Upande wa watetezi ulisema kwamba mtu aliye ndani ya nyumba inayoungua haulizi huko nje kuna mvua au jua, yeye hutoka. Upande wa wapinzani ukajibu kuwa nyumba hiyo ina watu. Oz na Larry walikuwa wakipigana bega kwa bega na Giles, na wakati ule walikuwa hai. Nani aliwauliza? Mtetezi mmoja akasema, "Lakini kwetu pia wako hai." Akajibiwa: "Wako, ila si hao. Hao wa kule walikuwa na ujasiri wao na kumbukumbu zao, na vyote vilifutwa." Ukumbi kimya. Mimi nilikuwa upande wa watetezi na bado niko, lakini sikupata jibu la kutosha.

Swali la pili: Je, mji ule ulifutwa kweli? Hapa waliotazama vipindi vilivyofuata walikuwa na silaha. Katika kipindi cha "Doppelgangland", kilichooneshwa tarehe 23 Februari 1999, Anya anajaribu kwa uganga kukipata kidani chake, na badala yake anavutwa Willow yule vampaya. Mwishowe anarudishwa alikotoka, katikati ya vita vile vile, na Oz anamwua. Wengine wakasema hiyo ni thibitisho kwamba ulimwengu ule ungalipo. Wengine wakasema la, uliopo ni wakati wake uliopita tu, kwani baada ya kidani kuvunjika hatuoneshwi hata sekunde moja ya huko. Mimi naona hawa wa pili wanasoma kwa makini zaidi. Kusema "ulikuwako" si sawa na kusema "uko", na anayechanganya -li- na hali iliyopo atapotea hata bila msaada wa jini.

Swali la tatu lilikuwa jepesi, au tulidhani hivyo: Nani wa kulaumiwa kwa uchungu wa Cordelia? Wote tulianza kucheka. Si Xander na Willow! Buffy kafanya nini? Ndipo mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye huwa haongei sana, akaomba nafasi. Alisema kwao nyumbani -ngali- si swali la mtihani. Kaka yake alifariki katika ajali ya barabarani, na tangu siku hiyo mama yake husema: "Nisingalimwamsha mapema, angalipanda gari la nyuma." Kila jioni, sentensi hiyo hiyo. "Aliyeendesha vibaya si mama," akasema, "lakini -ngali- yake inamruka dereva na kumwangukia yeye mwenyewe."

Hakuna aliyecheka tena. Mlezi wetu alituacha tukae na maneno hayo kwa muda.

Nimeyafikiria sana tangu siku ile. Tukio moja lina sababu nyingi, lakini -ngali- huchagua moja tu, na mara nyingi huchagua ile iliyo karibu na mkono, si ile iliyo kweli. Cordelia alitendwa na wawili, akamtwika mzigo wa tatu. Na alipopewa alichotaka, waliomtenda ndio waliomwua. Kuondoa sababu moja hakuondoi ubaya wote, huenda kukauachia nafasi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini mjukuu huyu huja na kidole kirefu cha kumnyoshea mtu. Kabla hatujakifuata kidole hicho, tuulize: kinamwonesha nani, na kwa nini yeye?

Jambo la mwisho, ambalo wengi hawakuliona. Ulimwengu uliporudi, Cordelia hakukumbuka kitu. Alisimama pale pale akiendelea kutamani mabaya, ila jini alikuwa ameishiwa nguvu. Funzo lote tumebaki nalo sisi watazamaji. Na katika kipindi kizima aliyeokoa mji si aliyesema -ngali-, wala si aliyeota kwa -nge-. Ni mkutubi mmoja aliyejiambia: nikikivunja, huenda. Kiambishi kifupi kuliko vyote.

Zoezi

1. Sahihisha: "Angalisoma kwa bidii angepita mtihani."
2. Kanusha: "Ningalimwona ningalimwita."
3. Eleza tofauti ya maana: (a) Ungeniuliza, ningekujibu. (b) Ungaliniuliza, ningalikujibu.
4. Tunga sentensi moja ya -ngali- uliyowahi kuisikia nyumbani au mtaani. Taja sababu nyingine mbili ambazo msemaji amezisahau.
5. Jaza kwa kiambishi kifaacho: "Mvua ___nyesha kesho, tutafanyia mkutano ukumbini."

Majibu yapelekwe kwa mlezi wa chama kabla ya mkutano ujao. Swali la nne tutalijadili kwa pamoja, na yule mwenzetu amekubali kuwa mwenyekiti wa kikao. Kiswahili kitukuzwe!