Taya: Kinachoingia na Kinachotoka

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu msomaji, somo letu la leo linahusu kiungo tunachokitumia kutwa nzima bila kukifikiria: taya. Tutaona lilivyoumbwa kwa mwanadamu na kwa wanyama, kisha tutazame mambo matatu ambayo elimu hii inayagusa katika dini yetu: nyama tunayokula, mnyama tunayemchinja Idi, na maneno tunayosema.

Taya la mwanadamu

Taya la juu limeshikamana na fuvu, halisogei. Linalosogea ni la chini. Weka vidole mbele ya masikio yako kisha fungua mdomo polepole: utahisi kiungo kikizunguka kama bawaba, halafu kikiteleza kwenda mbele. Kwa hiyo taya letu hufunguka na kufunga, huenda mbele na nyuma, na husaga kwa upande. Sasa uma meno: misuli inayotuna mashavuni na kwenye panja ndiyo inayolifunga.

Mtu mzima mwenye meno kamili ana 32: manane ya mbele ya kukatia, chonge nne, na magego 20 ya kusagia. Mtoto ana meno 20 ya utotoni.

Mataya ya wanyama

Simba ana meno 30. Taya lake huenda juu na chini tu, haliwezi kusaga kwa upande. Chonge zake ndefu hushika na kuua, na meno yake ya pembeni hupishana kama mkasi na kukata nyama vipande anavyovimeza.

Mbuzi na ng'ombe ni kinyume chake. Mbele ya taya la juu hawana meno kabisa; wana ufizi mgumu ambao meno manane ya taya la chini huugandamiza wanapokata majani. Baada ya hayo kuna pengo, kisha magego. Mtazame ng'ombe anapocheua: taya la chini linazunguka kwa upande, kama jiwe la kusagia.

Mamba, kama wale wa Mto Ruzizi, ana misuli yenye nguvu kubwa ya kufunga taya, lakini ya kulifungua ni dhaifu. Hatafuni, hunyofoa na kumeza. Na chatu, nusu mbili za taya lake la chini hazikuungana mfupa kwa mfupa, bali zimeunganishwa kwa kano zinazonyumbuka. Ndiyo maana humeza mnyama mpana kuliko kichwa chake.

Kila mmoja amepewa taya linalofaa riziki yake. Subhanallah.

Suala la kwanza: mnyama mwenye chonge

Katika hadithi ya Abu Tha'laba al-Khushani (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amekataza kula kila mnyama mkali mwenye chonge. Baadhi yetu huifupisha hadithi hii na kusema kwamba mwenye chonge ni haramu. Hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu ngamia ana chonge, naye ni halali kwa makubaliano ya wanazuoni wote. Sharti ni awe mnyama anayewinda na kushambulia kwa chonge zake, kama simba, chui na mbwa mwitu.

Fisi ni mfano wa khitilafu. Imamu Shafi na Imamu Ahmad wamemruhusu kwa hadithi ya Jabir (R.A.), na Imamu Abu Hanifa amemkataza kwa ujumla wa katazo la chonge. Kwa hiyo usiharakishe kumtuhumu mwenzako anayefuata kauli ya imamu wake.

Suala la pili: umri wa udhhiya

Mtume (S.A.W.) ameagiza, kama alivyopokea Muslim kutoka kwa Jabir, kwamba tuchinje mnyama aitwaye *musinna*, isipokuwa ikiwa vigumu, basi kondoo mdogo aitwaye *jadha'a*. Neno *musinna* linatokana na *sinn*, yaani jino. Mafakihi pia humwita *thaniyy*, kutokana na *thaniyya*, jino la mbele. Kwa hiyo umri wa mnyama unasomwa kwenye taya.

Tunapochanga fedha kununua mbuzi, muuzaji atatuambia umri anaoutaka yeye. Mwombe akufunulie mdomo wa chini. Mbuzi mchanga ana meno manane madogo membamba. Akifikia mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, mawili ya katikati hung'oka na kuota makubwa mawili. Kwenye miaka miwili hivi yanakuwa makubwa manne. Kwa Hanafi mbuzi wa mwaka mmoja anatosha. Kwa Shafi, madhehebu ya wengi katika ukanda wetu, ni lazima atimize miaka miwili. Basi ukiona makubwa mawili tu, uliza zaidi kabla ya kulipa. Meno hukadiria, hayatoi tarehe. Ushahidi wa mfugaji mwaminifu unabaki na nafasi yake.

Na usimrudishe mbuzi kwa kudhani ana kasoro kwa kuwa hana meno ya mbele juu. Ndivyo alivyoumbwa.

Suala la tatu: kilicho baina ya mataya mawili

Wanyama wote hao hulitumia taya kwa kula, kushika na kujilinda. Mwanadamu ameongezewa kusema. Wanafunzi wa tajwidi wanajua: herufi *tha*, *dhal* na *dha* hutoka ncha ya ulimi inapogusa meno ya mbele ya juu, na *dhad* hutoka ubavu wa ulimi ukielekea magego ya juu. Kwa taya hilihili tunasoma Qur'ani, na kwa hilihili tunasengenya bwenini.

Ndiyo maana hadithi ya Sahl bin Sa'd (R.A.) katika Bukhari ina uzito. Mtume (S.A.W.) ameahidi kumdhaminia Pepo mwenye kumdhaminia kilicho baina ya mataya yake mawili na kilicho baina ya miguu yake. Wapo wanazuoni waliosema kilicho baina ya mataya ni mdomo wote: maneno yanayotoka, na chakula na kinywaji vinavyoingia. Mtu anayechunguza nyama kwa makini, kisha akala heshima ya ndugu yake kwa kusengenya, amelinda upande mmoja tu wa mlango.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini ngamia hakuingia katika katazo la wenye chonge?
2. Utajuaje kwamba mbuzi amefikia umri wa udhhiya katika madhehebu yako?
3. Taja herufi mbili ambazo mtu aliyeng'oka meno ya mbele ya juu atapata shida kuzitamka.

Allah atujaalie tule halali na tuseme kweli. Amin. Wallahu a'lam.