Maelezo ya Malipo Yanayojisasisha: Panga Mara Moja Tu

Je, chama au sacco yenu ina programu yake ya kupokea malipo kwa simu? Basi mna pia ukurasa wa kuwaelekeza wanachama: nambari ya biashara ni ipi, na kwenye nambari ya akaunti waandike nini.

Tuseme fundi wa programu amebadilisha mambo. Zamani mwanachama aliandika nambari ya kitambulisho, sasa anatakiwa kuandika nambari ya uanachama. Programu iko sawa, lakini ukurasa bado unasema ya zamani. Pesa inaingia bila kujulikana ni ya nani, na mweka hazina anabaki kupiga simu huku na kule.

Dawa ni kuacha kompyuta ichapishe maelezo upya kila programu inapobadilishwa. Tutatumia Sphinx, inayogeuza maandishi kuwa kurasa za wavuti, na huduma ya Read the Docs. Keti na fundi wenu mfuate hatua hizi.

1. Wekeni vitu pamoja. Kama programu iko GitHub, maelezo yakae humo humo, kwenye folda ya docs. Anayebadilisha akaunti abadilishe na maelezo hapo hapo. Amri ya sphinx-quickstart itawatengenezea conf.py.

2. Andikeni faili ya .readthedocs.yaml kwenye folda kuu:

```
version: 2
build:
  os: ubuntu-24.04
  tools:
    python: "3.12"
sphinx:
  configuration: docs/conf.py
  fail_on_warning: true
python:
  install:
    - requirements: docs/requirements.txt
```

Nafasi za mwanzo wa mstari zisibadilishwe, na msitumie kitufe cha Tab. Ndani ya requirements.txt tajeni Sphinx na toleo lake, ili kazi ya leo na ya mwakani zisitofautiane.

3. Unganisheni Read the Docs na GitHub. Kuanzia hapo, kila badiliko likitumwa, kurasa zinajengwa zenyewe.

4. Washeni arifa za barua pepe. Ule mstari wa fail_on_warning husimamisha kazi Sphinx ikiona kasoro, kwa mfano ukurasa uliotajwa lakini haupo. Kazi ikikwama, wanachama wataendelea kuona maelezo ya zamani, kwa hivyo lazima mjue mapema.

5. Lindeni siri. Nywila na funguo za mfumo wa malipo zisiandikwe kwenye faili hizi. PIN yako nayo haihitajiki popote katika kazi hii. Fundi akiiomba, usimpe.

Kumbuka, kompyuta haijui kama nambari mliyoandika ni ya kweli. Ukikosea, itachapisha kosa lako vizuri kabisa. Kabla ya kuwatangazia wanachama, fungua ukurasa kwa simu yako, fuata maelezo neno kwa neno, tuma kiasi kidogo, kisha muulize mweka hazina kama kimeingia kwa jina lako.