Mizani ya Pamba

Zamani watu wa Sengerema, katika nchi ya Uzinza, walilima pamba, lakini kuipima hawakuipima wao. Mkulima alijitwika mzigo wake mpaka kwa mnunuzi, naye mnunuzi ndiye aliyeshika mizani. Mzigo ukapandishwa, fedha zikahesabiwa. Uzito ulikuwaje? Mwenye mizani alijua. Mwenye jasho hakujua, wala kusoma namba wengi hawakujua.

Hata miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa wakaweka wapimaji wao, wapime pamba kabla haijamfikia mnunuzi. Kisha wakaunda vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Victoria, kiongozi wake Paul Bomani.

Sasa karani wa mizani aliajiriwa na chama chao. Hata hivyo manung'uniko hayakwisha, na mwaka 1966 serikali iliunda kamati kuvichunguza vyama vya ushirika.