Swali la Stejini: Jinsi ya Kuzuia Kujiua Mtaani Kwenu

Ni jioni, abiria wamepungua, bodaboda zimepangwa chini ya mwembe. Dereva mmoja anatoa simu, anasoma ujumbe wa deni, anairudisha mfukoni. "Kesho mkiona siji, msinitafute," anasema. Wenzake wanacheka. Mmoja anamtania kwamba amepata mke Mombasa. Kicheko kikiisha, kila mtu anawasha pikipiki yake.

Huenda ulikuwa mzaha. Huenda pia mtu alikuwa anapiga hodi kwa sauti ya chini, asikie kama kuna wa kumkaribisha. Ukitaka kuingia katika kazi ya kuzuia watu kujiua, anzia hapo kabla ya fulana na mabango. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka, na karibu watatu kati ya kila wanne wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huenda wengi wao walikuwa na steji, chama au kwaya walikozoeleka.

1. Tumia kundi ulilo nalo

Usikimbilie kusajili shirika. Omba dakika 15 katika mkutano ujao wa chama chenu na umwalike mhudumu wa afya ya jamii aeleze dalili: kujitenga, kuzidisha pombe, kugawa vitu vya thamani, kuaga isivyo kawaida, kusema "mimi ni mzigo kwenu". Kisha chagueni watu wawili, mwanamke na mwanamume, ambao yeyote aliyelemewa anaweza kuwafuata. Msiangalie cheo. Angalieni nani ana kifua.

2. Uliza waziwazi

Wengi huogopa kwamba kulitaja jambo ni kumtia mtu wazo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo, na aliyekuwa akilibeba peke yake mara nyingi hupata nafuu akiulizwa. Mvute pembeni umwambie: "Ndugu yangu, jana ulisema tusikutafute. Neno lile halijanitoka. Unafikiria kujiua?"

Halafu nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Usimwambie wapo wenye shida kumzidi, usimhubirie dhambi, usimuulize atamwachia nani watoto. Hayo yote ameshajiambia usiku. Mwambie tu: "Nashukuru umeniambia. Siondoki."

3. Usiahidi siri

Mwenye kifua hulinda heshima ya mtu, lakini uhai haulindwi kwa siri. Akikubali kwamba ana mpango, asibaki peke yake hata dakika moja. Muulize anamwamini nani, mumpigie mtu huyo pamoja. Nchini Kenya, 1199 ni nambari ya ushauri ya Msalaba Mwekundu na haina malipo; Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177. Kwa mtoto, 116 inafanya kazi Kenya na Tanzania.

Kumwambia mtu "nenda hospitali" ni tofauti na kumpeleka. Keti naye kwenye foleni, mrudishe nyumbani, umpigie tena baada ya siku mbili. Hali ikiwa ya dharura, msingoje kupambazuke.

4. Weka hatari mbali

Wimbi la kutaka kujiua mara nyingi huja kwa nguvu kisha likapita, na kinachookoa ni umbali kati ya mtu na hatari wimbi hilo linapompiga. Sri Lanka ilipiga marufuku dawa kali za kuua wadudu hatua kwa hatua, na kiwango cha watu kujiua, kilichokuwa kimefika kilele mwaka 1995, kikashuka kwa takriban asilimia 70. Kijijini si lazima mngoje serikali. Chama cha wakulima kinaweza kununua sanduku la kufuli la kuhifadhia dawa za shamba, funguo zikakaa kwa jirani. Zungumzeni pia na mwenye agroveti, asimuuzie mtu aliyefadhaika bila kwanza kumkalisha na kumwita mmoja wenu.

5. Peleka habari ya sheria barazani

Kwa miaka mingi Mkenya aliyenusurika aliweza kutolewa wodini na kupelekwa mahakamani. Mnamo tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Familia inayoogopa polisi huficha mgonjwa ndani. Basi omba nafasi katika baraza la chifu, msikitini na kanisani, ulieleze jambo hili kwa lugha ya pale. Tanzania sheria ya aina hiyo ingalipo, na kuomba ifutwe ni kazi inayomngoja mtetezi wa huko. Tarehe 10 Septemba, Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani, ni fursa nzuri ya kumwandikia mbunge.

6. Msiwakimbie wafiwa

Katika baadhi ya jamii aliyejiua huzikwa haraka, bila hotuba, na mjane huachwa na minong'ono. Nendeni matangani kama mnavyokwenda kwingine. Mtajeni marehemu kwa jina. Picha au barua yake ikiingia kwenye kundi la WhatsApp, andika: "Jamani, tuifute. Wanawe wamo humu." Kisha, wiki ya tatu, mahema yakiwa yamerudishwa na jamaa wamekwenda zao, piga hodi na unga na sukari. Uliza walivyolala. Wafiwa wenyewe wako hatarini zaidi, na wakati huo hakuna anayewatazama.

Wewe pia una mwili na roho. Mgawane zamu, na atakayebeba kisa kizito apate wa kumsikiliza.

Kesho asubuhi pale chini ya mwembe, hesabu pikipiki. Ikipungua moja, usingoje mchana. Piga simu, na isipopokewa, nenda kwake.