Vifaa vya Nyumbani: Namna ya Kuvitunza Vidumu na Kujua Wakati wa Kumwita Fundi

Kwa mama anayeuza maziwa, samaki au sharubati mjini Voi, friji ikizima siku mbili, mtaji wote umeharibika. Ndiyo maana somo la toleo hili linahusu vifaa vya nyumbani: kinachoviua, namna ya kuvitunza, na haki zako kama mnunuzi.

Kinachoharibu vifaa vyetu

Kwanza ni stima. Vifaa vyetu vimeundwa kutumia volti 240. Stima inapopotea na kurudi kwa kishindo, au inapokuwa hafifu, friji ndiyo huumia zaidi. Kompresa ikizimika huhitaji dakika tatu hadi tano kabla ya kuwashwa tena. Stima ikipotea, chomoa plagi, ikirudi, subiri. Kuna kifaa cha kulinda friji ambacho hukufanyia kazi hiyo, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kompresa mpya. Ukiona taa nyingine zinang'aa kupita kiasi huku nyingine zikififia, zima stima kwenye swichi kuu, kisha piga ripoti kwa Kenya Power kwa nambari 97771.

Pili ni joto na vumbi. Voi, Mwatate na Taveta tunayajua yote mawili. Friji hutoa joto lake kupitia mabomba ya nyuma. Yakifunikwa na vumbi, kompresa hufanya kazi bila kupumzika. Iache nafasi ya kiganja kutoka ukutani, na kila baada ya miezi mitatu ichomoe, uyapanguse kwa brashi laini.

Tatu ni maji ya chumvichumvi, hasa ya visima. Huacha ukoko mweupe ndani ya birika la umeme, nalo huchelewa kuchemka na hatimaye koili huungua. Chemsha maji yaliyochanganywa na siki au ndimu, yaache nusu saa, kisha suuza vizuri.

Kwa wanaotumia sola yenye betri ya maji: ongeza maji ya betri pekee, kamwe si ya mfereji, wala usingoje betri iishe kabisa ndipo uichaji.

Jipime mwenyewe kwanza

Friji haigandishi? Bana karatasi kwenye mlango, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umelegea na baridi inatoroka. Huenda ukahitaji mpira tu.

Fundi akisema "gesi imeisha," muulize: imetokea wapi? Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya kupikia; huzunguka ndani ya mabomba miaka yote. Ikipungua, pana tundu. Kujaza bila kuziba ni kumwaga pesa, na baada ya wiki chache utamwita tena.

Kutengeneza au kununua?

Piga hesabu. Tuseme friji mpya ni shilingi 40,000 na itadumu miaka 10: hiyo ni shilingi 4,000 kwa mwaka. Fundi akitaka 6,000 na ya zamani ikadumu miaka mitatu zaidi, umelipa 2,000 kwa mwaka. Itengeneze. Akitaka 18,000 kwa friji ambayo mabomba yake yameshaoza, na huenda isimalize miaka miwili, nunua nyingine.

Kabla ya kazi kuanza, kubalianeni bei, na uombe spea ya zamani urudishiwe. Usifungue mwenyewe kifaa kilichochomekwa. Maikrowevu na televisheni za zamani za kioo kinene mwachie fundi hata zikiwa zimechomolewa, kwani huhifadhi stima inayoweza kuua.

Unaponunua

Tafuta alama ya ubora ya KEBS. Kwenye friji, angalia pia lebo ya nyota ya EPRA: nyota zikiwa nyingi, stima inayotumika ni kidogo. Uliza kama spea zinapatikana hapa au mpaka Mombasa. Soma waranti, na weka risiti mahali salama.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, maelezo ya kukuwezesha kufaidika nazo, na fidia zikikusababishia hasara. Sheria ya Kuwalinda Wateja ya mwaka 2012 inaitilia nguvu haki hiyo. Kifaa kikiharibika ndani ya waranti, kirudishe na risiti kabla fundi mwingine hajakifungua, maana wauzaji wengi hukataa kifaa kilichokwisha kufunguliwa.

Kumbuka

- Stima ikipotea, chomoa; ikirudi, subiri dakika tano.
- Safisha nyuma ya friji kila miezi mitatu.
- Usijaze gesi kabla tundu halijazibwa.
- Risiti ndiyo shahidi wako.
- Betri na friji mbovu zisichomwe wala kutupwa kwenye korongo; sumu yake hufika kwenye maji.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anza na vumbi lililo nyuma ya friji yako wikendi hii.