SOMO LA KIKUNDI: MTOTO ANAPOKATAA KULALA MCHANA

Somo letu la leo huenda wengine wakaliona dogo. Ni habari ya mtoto wa miaka miwili au mitatu ambaye juzi alikuwa akilala mchana vizuri, na leo hataki kabisa. Lakini tunapotembelea vikundi kati ya Diani na Msambweni, akina mama hutuuliza swali hili mara kwa mara, tena kwa uchungu. Saa saba mchana ndiyo saa ambayo mama anategemea kusuka makuti yake, kufua, au kunyoosha mgongo kabla ya kwenda kuteka maji. Mtoto asipolala, kazi imekwama. Na hapo ndipo makosa yanapotokea.

Tuliyoyaona wenyewe

Siku moja tulifika kwenye boma moja mchana wa jua kali. Tulimkuta mama na mtoto wake wa miaka miwili na nusu juu ya mkeka, mama amemshika mikono asiinuke. Mtoto analia, na mama naye karibu alie. "Huyu ni mkaidi," akatuambia, "nimemchapa, lakini wapi!" Bibi yake mtoto alikuwa barazani akipepeta mchele. Akauliza polepole, "Mwanangu, wewe wamlaza au wapigana naye?"

Tulicheka sote. Halafu mama akatueleza jambo lisilochekesha. Siku mbili nyuma alikuwa amempa mtoto dawa ya mafua, ile ya maji inayoleta usingizi, ili apate kumaliza makuti ya watu. Mtoto alilala mpaka magharibi, na kumwamsha ikawa kazi. Mama aliogopa sana, na hakumwambia mtu mpaka siku ile.

Tusimlaumu. Hata sisi tuliwahi kufundisha kwamba mtoto mdogo lazima alale mchana, basi. Hatukueleza mama afanye nini mtoto asipotaka.

Kwa nini anakataa?

Sababu ya kwanza ni kwamba anakua. Kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu, watoto wengi huacha kulala mchana mara mbili na kubaki na mara moja. Kati ya miaka mitatu na mitano, wengi huacha kabisa. Mtoto wa miaka miwili akikataa, mara nyingi ni kwa muda tu. Amejua kukimbia, amejua kusema "sitaki", na anawasikia wenzake wakicheza nje. Huo si ukaidi. Tuendelee kumlaza kwa upole wiki mbili hivi kabla ya kusema kwamba ameacha.

Wakati mwingine sababu iko nyumbani. Pengine chumba kina joto la mabati, au mtoto ana njaa. Pengine amekunywa chai. Majani ya chai humzuia mtoto kulala, tena hupunguza nguvu ya damu anayopata katika chakula. Afadhali uji. Na kuna minyoo midogo inayowasha usiku, akawa hapumziki vizuri. Katika wiki za Malezi Bora, mwezi wa Mei na Novemba, watoto kuanzia mwaka mmoja hupewa dawa ya minyoo. Tusikose.

Tuhesabu usingizi wa siku nzima

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu jambo hili. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa muda wa saa 11 hadi 14, mchana na usiku pamoja. Wa miaka mitatu hadi minne anahitaji saa 10 hadi 13.

Sasa hebu tufanye hesabu. Mtoto wa miaka miwili analala saa nne usiku kwa sababu watu wazima wanaongea au wanatazama televisheni. Anaamka saa kumi na mbili asubuhi. Amelala saa 8 tu. Asipolala mchana, amepungukiwa na saa 3. Akilazwa saa mbili usiku, atapata saa 10, na akisinzia mchana saa moja, 11 zimetimia.

Njia rahisi ya kumjua ni kumtazama jioni. Akiwa analialia ovyo, anaangukaanguka, au anasinzia kabla ya chakula, bado anauhitaji usingizi wa mchana. Akicheza kwa furaha mpaka usiku na kulala vizuri, basi mwili wake umeshauacha.

Tufanye nini?

1. Saa ya kupumzika iwe ileile kila siku. Mlishe, mnawishe, mpeleke mahali penye kivuli na upepo.

2. Mwambie, "Si lazima ulale, lakini tunapumzika." Mpe kitu kidogo cha kuchezea. Mwimbie au mpigie hadithi. Nusu saa ya utulivu inatosha.

3. Akilala, aamshwe kabla ya saa tisa alasiri. Akipitisha hapo, usiku mtakesha naye.

4. Asipolala mchana, alazwe mapema usiku. Mbu wetu wa malaria huuma kuanzia jioni, kwa hiyo alazwe ndani ya neti tangu mwanzo.

5. Asipewe dawa ya usingizi, wala dawa ya mafua ili alale, wala tembo la mnazi hata tone. Vitu hivyo vyaweza kumpunguzia pumzi mtoto.

6. Asichapwe. Mtoto aliyechapwa mkekani huuogopa mkeka.

Neno la hadhari. Mtoto asiyetaka kulala huku akicheza si mgonjwa. Wa kuogopewa ni yule anayelala kupita kiasi, hawezi kuamka vizuri, ana degedege, hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu. Huyo apelekwe hospitali saa ileile, hata kama ni usiku.

Kazi ya kikundi

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Mchana watu wazima husinzia kwa joto, na mtoto aliyekataa kulala huzunguka peke yake. Kuna kisima kisichofunikwa, kuna mafiga yenye moto, na wengine wetu tunakaa karibu na barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Hata ndoo ya maji yaweza kumzamisha mtoto mdogo. Dada yake wa miaka saba si mlinzi wa kutosha.

Yule mama tuliyemtaja alilileta jambo lake kikundini. Wenzake wakakubaliana wafanye zamu: kila siku mama wawili wanakaa na watoto chini ya mwembe, kuanzia saa saba hadi saa tisa. Anayetaka kulala analala mkekani, na asiyetaka anacheza wakimwona. Baba mmoja alitengeneza kifuniko cha kisima kwa mbao. Tulipopita tena, mama alikuwa anasuka makuti yake, na mtoto alikuwa macho kabisa, anachimba mchanga. Mkono mmoja haulei mwana.

Maswali ya kujadili

- Mtoto wako alilala saa ngapi jana, mchana na usiku pamoja? Yatosha?
- Kati ya saa saba na saa tisa mchana, nani anamwangalia?
- Katika kijiji chetu kuna visima vingapi visivyo na kifuniko? Nani atavifunika, na lini?
- Akina baba, ninyi mtachukua zamu gani?

Mwandishi wa kikundi aandike majibu kitabuni. Mkutano ujao, kabla ya michango, tuulizane tumefika wapi.